Njia ya Kwendea Makaburi ya Wazee Wetu

Twamhimidi Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, kisha akamrejeza katika udongo, na twamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu, siku moja baada ya sala ya Ijumaa alitujia mzee ambaye umri wake umepita miaka sabiini, akatueleza habari ambayo twajua kuwa si yake peke yake. Baba yake, mama yake na ndugu yake mdogo wamezikwa katika shamba la minazi na miembe lililokuwa la ukoo wao. Shamba hilo liliuzwa na watoto wa ndugu zake, na aliyelinunua akaliuza tena. Mnunuzi wa pili akazungusha ukuta wa mawe na kutia lango. Mzee alipokwenda kuzuru, kama alivyozoea tangu ujana wake, bawabu alimwambia, "Mzee, huku si njia." Akasimama nje ya ukuta, akawaombea wazee wake, akarejea mjini.

Tulimuuliza, "Je, katika hati ya mauzo makaburi yalitajwa?" Akajibu, "La, Sheikh. Yule wa kwanza tulijuana naye. Tuliaminiana."

Neno hili ndilo lililotutia kalamu mkononi. Kuaminiana ni jambo jema, lakini uaminifu hauuzwi pamoja na shamba. Anaponunua mtu wa pili, hanunui ahadi aliyoitoa wa kwanza kwa mdomo chini ya mwembe.

Kwanza na tutazame sharia yetu yasemaje. Kuzuru makaburi ni sunna. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuwakataza watu, kisha akawaruhusu na akawahimiza, kwa kuwa ziara hukumbusha akhera. Lakini ziara si faridha, na dua haizuiwi na ukuta. Mtoto mwema humwombea mzazi wake akiwa Mombasa, Maskati au London, na Mwenyezi Mungu humsikia. Basi asije mtu akadhani kuwa wazee wake wamekatikiwa na kheri kwa kuwa lango limefungwa.

Hata hivyo, heshima ya maiti ni jambo jingine, nayo ni wajibu. Mtume (S.A.W.) amekataza kukaa juu ya kaburi, na amefundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai. Nao wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza, na Imamu Nawawi amelitaja katika Minhaj ambayo wengi wetu tumeisoma msikitini, kwamba mtu akiazimisha ardhi yake ili azikwe maiti, hawezi kuirejesha azima hiyo mpaka athari ya maiti itoweke kabisa. Azima nyingine zote mwenyewe aweza kuzirejesha apendapo, lakini hii hawezi, kwa ajili ya heshima ya aliyelala humo. Tazameni basi: ikiwa mwenye shamba mwenyewe hana ruhusa ya kumtoa maiti, atamuuziaje mwenzake ruhusa asiyokuwa nayo?

Pili, na tutazame sheria ya nchi, kwani wengi huenda mahali pasipo pao na wakapoteza wakati na mali. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, imempa Kadhi hukumu za hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Warithi wakigombania shamba lisilogawanywa, Kadhi ni mahali pao. Lakini njia ya kupita katika shamba la mtu mwingine si mirathi. Kesi hiyo hupelekwa Mahkama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu aliyepewa uwezo wa kusikiliza mambo ya ardhi.

Huko, mwenye hati hasemi peke yake. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, imetaja haki ambazo humfunga mwenye hati hata kama hazikuandikwa katika daftari. Miongoni mwake ni haki ya njia iliyokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza, na amana zikiwemo zile za kimila, na haki zilizopatikana kwa kutumiwa muda mrefu. Na sheria iwekayo muda wa kushitaki yasema kuwa njia iliyotumiwa kwa amani, kwa dhahiri, bila kukatizwa, na kwa namna ya mwenye haki, kwa muda wa miaka 20, huwa haki kamili. Angalieni sana maneno haya, "kwa namna ya mwenye haki." Anayepita kila mara kwa kuomba hisani ya mwenye shamba, hata apite miaka 40, hisani haigeuki kuwa haki. Na aliyezuiliwa asikawie kushitaki, kwani kukawia huidhoofisha haki yake.

Jueni pia kuwa hairuhusiwi katika nchi hii kufukua maiti bila ya kibali cha serikali, na kuingia mahali pa maziko kwa nia ya kuwatusi wenye maiti ni kosa la jinai.

Lakini, ndugu zetu, tusiwalaumu wanunuzi peke yao. Ugonjwa ulianza nyumbani kwetu. Mwaka 1908 ilipotoka sheria ya hati za ardhi katika mwambao huu, kila mtu alitakiwa ajitokeze adai ardhi yake. Wengine walidai, na wengine walisema, "Shamba hili lajulikana ni letu." Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na wajukuu wakageuka maskwota palipozikwa babu zao. Twasimulia habari hii kwa uchungu kila tukikutana barazani, na papo hapo twaendelea kuuza mashamba bila kuyataja makaburi. Mwenyezi Mungu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ametufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi tunapouziana. Twaisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha tunapouza shamba twatazama idadi ya noti tu.

Basi ni juu yetu kufanya mambo haya wangali hai wanaojua.

Kwanza, kila ukoo uandike makaburi yake: yako wapi, ni ya nani, na ni wazee gani wawezao kushuhudia. Na kila kaburi litiwe alama. Hatusemi lijengewe wala lipakwe chokaa, kwani hayo yamekatazwa. Lakini Mtume (S.A.W.) aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un ili apate kulijua. Wako wanaokimbia bid'a mpaka wakaiacha na sunna, wakazika bila hata jiwe.

Pili, kabla ya kuuza, sehemu ya makaburi ipimwe na itolewe katika mauzo, na njia ya kuiendea iandikwe na isajiliwe. Gharama ya mpimaji na wakili ni ndogo mbele ya majuto. Na awezaye aifanye sehemu hiyo waqfu, aiandikishe kwa Tume ya Waqfu, ambayo sheria yake ya mwaka 1951 imebadilishwa kwa sheria mpya ya mwaka 2022.

Tatu, tangu leo tuwazike watu wetu katika makaburi ya Waislamu wote. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa ni bora kuliko kuzika majumbani na mashambani, kwa kuwa maiti hupata dua ya kila apitaye. Mtume (S.A.W.) alizikwa chumbani mwa Bibi Aisha, lakini hilo ni hukumu ya Mitume; masahaba zake wengi aliwazika Baqii.

Nne, tusiseme uwongo. Twasikia kuwa wako watu ambao, shamba likiuzwa na wao wasipate fungu, huzusha kaburi mahali pasipokuwa na kaburi. Huyu amewadhulumu walio hai na amewafanyia mzaha waliokufa. Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa anayehukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake, amekatiwa kipande cha moto. Wala kaburi moja halimpi mtu ekari kumi.

Tano, tukifunguliwa lango tuingie kwa adabu. Mwenye nyumba ana sitara yake, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha kubisha hodi. Katika mapatano ziandikwe saa za kuzuru, ili kubisha hodi kuwe ni adabu yetu, si kuomba tena kile kilicho chetu. Wala tusiende na ngoma, na ubani, na mbuzi wa kuchinja, na haja za kuwaomba maiti. Wamiliki wengine wamefunga malango yao kwa kuchoshwa na mambo haya, nayo hayamo katika dini yetu.

Nanyi mlionunua, Waislamu na wasio Waislamu, twawakumbusha kwa wema. Kabla ya kutia msingi waulizeni wazee wa mtaa. Njia ya futi chache kandokando ya ukuta haipunguzi thamani ya shamba lako, na humwondolea mwenzako kidonda. Mtume wetu (S.A.W.) ametoa kanuni isiyobagua, kwamba pasiwe na kudhuru wala kulipizana madhara.

Tulifuatana na mzee wetu, pamoja na wazee wawili wa mtaa, tukaenda kwa mwenye shamba. Alitupokea vizuri. Akasema, "Hakuna hata mmoja aliyeniambia kuwa pana makaburi. Lau ningalijua, ukuta ningaliupitisha kwingine." Akatufungulia. Kaburi la baba lilionekana, na la ndugu lilionekana, kwa kuwa yalikuwa na mawe. La mama halikuwa na alama. Mzee alihesabu hatua toka shina la mwembe, akafika penye tangi la maji lililojengwa kwa saruji, akasimama hapo. Hakusema neno, nasi hatukusema.

Mwenye shamba amekubali njia iandikwe, na wakili yuaiandika. Habari ya tangi wangali wanazungumza kwa upole, na twataraji kheri. Lakini jiwe moja lingalitosha, na mstari mmoja katika hati ungalitosha.

Ewe msomaji, leo jioni muulize mkubwa wa nyumba yenu: babu amezikwa wapi, na njia ya kumwendea imeandikwa wapi? Akikujibu kuwa hakukuandikwa, usilale.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape nuru katika makaburi yao, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa watekelezaji wa amana. Amin.