Asili ya Kitu na Thamani Yake

Mwanadamu hawezi kujaribu kila kitu kabla ya kukinunua. Anunuaye embe aweza kulitomasa na kulinusa. Anunuaye kanga aweza kuikunjua na kuitazama pindo zake. Lakini anunuaye motokaa hununua kitu ambacho sehemu zake nyingi zimefichika, na ambacho uzuri au ubaya wake haudhihiriki mpaka fedha imekwisha mtoka mkononi. Kwa sababu hiyo hutafuta shahidi, na shahidi asikizwaye kuliko wengine katika jambo hili ni jina la nchi motokaa ilikotoka.

Simama, msomaji, kando ya barabara kuu ipitayo Ramisi kutoka Likoni kwenda Lungalunga, usikilize watu wanavyozihukumu motokaa zipitazo. Hutakawia kusikia kuwa hii ni ya Japani, haisumbui. Ile ni ya Ujerumani, ina nguvu lakini vipuri vyake ni ghali. Nyingine ni ya nchi fulani, haifai hata kwa bure. Asemaye hayo huenda hajapata kufunua boneti ya hata moja kati ya hizo. Wauzaji waijua tabia hii, nao huitumia. Katika tangazo la motokaa iliyokwisha tumika, habari ya kwamba imeshuka melini kutoka Japani, na kwamba haijakanyaga mashimo ya barabara zetu, mara nyingi hutangulizwa mbele ya habari za injini. Basi swali letu ni hili: Je, ni haki kukipima kitu kwa mahali kilikotoka?

Tusiharakishe kumcheka mnunuzi. Sifa ya nchi haioti kama uyoga. Wahenga wetu wa pwani walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Mashindano ya motokaa ya Safari yalianza Afrika Mashariki mwaka 1953. Katika miaka ya sitini, Peugeot 404 ya Ufaransa ilishinda mara nne, miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha ikaja Datsun ya Japani, ikashinda miaka ya 1970, 1971 na 1973. Tope na vumbi havijui uraia wa gurudumu. Watu waliosimama kando ya njia waliona kwa macho yao chombo kilichovumilia na chombo kilichovunjika, wakasimulia walichokiona. Sifa ya namna hiyo ni ushahidi, si uvumi mtupu.

Wala sifa hiyo haikuwako tangu mwanzo. Kampuni ya Toyota ilipopeleka motokaa yake ya Crown Marekani mwaka 1957, ililemewa na mwendo wa kasi wa barabara kuu za huko, na baada ya muda mfupi ikabidi biashara hiyo isimamishwe. Watengenezaji walirudi karakanani, wakatafuta kasoro, wakazirekebisha. Vivyo hivyo, mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Nia mojawapo ilikuwa kuwaonya wanunuzi juu ya bidhaa hafifu za Ujerumani, zilizokuwa zikijifanya za Kiingereza. Wajerumani walizidi kuboresha kazi zao, na baada ya miaka si mingi, maandishi yaliyokusudiwa kuwa kovu yakageuka kuwa pambo.

Zaidi ya hayo, ziko sababu nyingine zisizohusu ubora. Wajapani, kama sisi, huendesha motokaa upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wa motokaa zao tayari uko upande tuutakao. Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyotumika zaidi ya miaka minane, na Japani inazo nyingi za umri mdogo kuliko huo. Motokaa zikiwa nyingi, vipuri hupatikana kwa urahisi na mafundi huzizoea. Mnunuzi azingatiaye hayo hakudanganyika.

Hata hivyo, shahidi huyu ana mipaka yake. Jina la nchi husema habari za motokaa nyingi kwa pamoja, na mnunuzi hununua moja. Motokaa mbili zaweza kutoka kiwanda kimoja siku moja. Moja ikabadilishwa mafuta kwa wakati wake, nyingine ikapuuzwa mpaka injini ikalia. Zote mbili ni za Japani, lakini si sawa.

Tena, asili yenyewe siku hizi imechanganyika. Land Rover, iliyokuwa fahari ya Waingereza, imo mikononi mwa kampuni ya Tata ya Uhindi tangu mwaka 2008. Volvo ya Uswidi imemilikiwa na Geely ya Uchina tangu mwaka 2010. Hilux yenye jina la Kijapani huundwa Afrika Kusini na Thailand pia, na Mombasa kwetu kuna kiwanda kinachounganisha motokaa zenye majina ya ng'ambo. Hata mchanga wa Kwale wenye madini ya titani ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024, ukapakiwa melini Likoni. Madini hayo hutumika zaidi kutengeneza rangi nyeupe, ya kupaka nyumba na motokaa. Yumkini motokaa nyeupe iliyosifiwa kwa ugeni wake imerudi Ramisi ikiwa imevaa mchanga wa jirani.

Hapa ndipo wajibu wa muuzaji uonekanapo. Kusema kwamba motokaa imetoka Japani, nayo kweli imetoka huko, si kosa. Lakini akilipaza jina la Japani ili mnunuzi asahau kuuliza kama motokaa ilipata ajali, au kama hesabu ya maili imerudishwa nyuma, amefanya hila. Ukweli mmoja ukitumiwa kuwa pazia la kuficha ukweli mwingine, huwa ndugu wa uongo. Mnunuzi naye ana wajibu wake. Ajapo kununua matatu kwa mkopo utakaolipwa na jasho la nyumba nzima, na amwite fundi, aitazame chini na juu, asome kitabu cha gari. Jina la nchi latusaidia kukisia pale tusipojua. Penye njia ya kujua, kukisia ni uvivu.

Msomaji kijana, jambo hili halikomi katika motokaa. Kesho huenda utakwenda Mombasa au Nairobi kutafuta kazi, na mtu atakuuliza kwenu ni wapi kabla hajakuuliza waweza kufanya nini. Akisikia jibu lako, atadhani amekwisha kukujua: kwamba watu wa huko ni wavivu, au wajanja, au wakali. Motokaa iliyohukumiwa isivyo haki haiumii, na mwenye kuikataa amepoteza pengine fedha tu. Mtu aliyehukumiwa hivyo amenyimwa nafasi ya kuonyesha alicho nacho, na hasara hiyo hailipiki. Tena motokaa haiwezi kujirekebisha, lakini mtu aweza kujifunza leo asilolijua jana. Kwa hiyo kosa ambalo sokoni ni upungufu wa busara, kati ya watu ni dhuluma. Kama hutaki kutendewa hivyo, usimtendee hivyo mgeni aingiaye darasani mwenu kutoka bara au kutoka ng'ambo ya mpaka.

Usiache pia kukumbuka kwamba samaki mmoja akioza, wengi husemwa wameoza. Dunia haitaacha upesi kutazama majina ya mahali. Tusilolibuni tumelirithi, lakini kila afanyaye kazi huliongezea au hulipunguzia thamani jina la kwao. Mwaka 1986 Kenya ilianza kuunda motokaa yake, Nyayo Pioneer, ikaonyeshwa mwaka 1990, lakini haikufika sokoni. Asemaye kwa ajili hiyo kwamba cha nyumbani hakifai amesahau Crown ya mwaka 1957. Seremala wa Ramisi akiunga mlango ukafunga sawasawa, na mwanafunzi wa Msambweni akitimiza ahadi aliyoitoa, wamelijenga jina la kwao kuliko yeyote alisifuye kwa maneno.