Fedha Taslimu na Bei ya Haki

Mtu aendaye kununua pikipiki naye ana fedha taslimu, je, ni haki yake kumbana muuzaji hata bei ishuke? Sisi twaona neno hili lina sehemu mbili, wala zisichanganywe.

Katika miji ya Tanzania vijana wengi wa bodaboda hupata pikipiki kwa mkataba: hupeleka hesabu kwa mwenye chombo siku kwa siku, hata muda utimie, chombo kiwe chao. Jumla ya fedha hizo hupita bei ya dukani, maana mwenye mali amengoja, tena amejitia katika hatari ya wizi na ajali. Basi alipaye mara moja amemwondolea muuzaji hayo yote, na kuomba apunguziwe si udhalimu. Thomas Aquinas, aliyekufa mwaka 1274, alikwisha kukubali kwamba muuzaji apunguzaye bei ili apate fedha yake mapema hana dhambi ya riba.

Lakini yuko kijana auzaye pikipiki yake kwa kuwa ana mgonjwa hospitalini. Tairi ikiwa imelika, tuseme imelika, tukate fedha ya tairi. Bali sisi huzihesabu noti polepole mbele ya macho yake, huku tukikiumbua chombo tukijuacho kuwa kizima. Mithali 20:14 yamtaja mnunuzi wa namna hii, ajisifuye akiisha kwenda zake. Kijana huitikia bei yo yote, nasi twaita kuitikia huko mapatano. Kadi nayo twaidai upesi, asije akageuza moyo.