Watani wa Angani

Kwetu mtu akihitimu au akioa, watu huchangishana. Kadi zinapita, kamati inakaa, na mwenye shughuli anasubiri kutunzwa. Waruka parachuti wa Marekani wana desturi iliyogeuka. Kwao, ukifanya jambo kwa mara ya kwanza, mlipaji ni wewe. Umeruka mara ya kwanza: kreti ya bia. Umefungua parachuti kwa mkono wako mwenyewe badala ya kufunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege: kreti nyingine. Parachuti kubwa imegoma, ukaiachia na kushuka na ile ya akiba: kreti, na juu yake chupa ya kitu kikali kwa fundi aliyeikunja hiyo ya akiba. Hata ulimi ukiteleza ukasema ni mara yako ya kwanza kuvaa viatu hivyo, uwanja mzima utapiga kelele kudai bia.

Nimekuwa nikizifuatilia habari za watu hawa, mimi ambaye ngazi ya dari tu hunitoa jasho. Kilichonivuta si ushujaa wao. Habari za ushujaa huchosha mapema. Ni utani wao, kwa sababu naujua unakotoka.

Aliyekulia upande wa Dar es Salaam anajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya biashara kati ya bara na pwani. Mtani akija msibani haji kulia. Anaigiza mwendo wa marehemu, anadai deni lisilojulikana na mtu, pengine anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Mgeni atasema huyu hana adabu. Lakini mtazame vizuri: ndiye huyo huyo anayeshika jembe, anayehimiza maji na chakula, anayefanya zile kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Ruhusa ya kucheka ameilipia kwa jasho. Waruka parachuti nao ni watani wa namna hiyo, watu wanaochekana kwa sababu wanajua watazikana.

Ule ukelele wa "Geronimo!" wanaoupiga Wamarekani wakijitupa kutoka mahali pa juu ulianzia kwenye mzaha. Agosti 1940, katika kambi ya Fort Benning, jimbo la Georgia, kikosi kidogo cha majaribio kilikuwa kinajiandaa kuruka kwa pamoja, jambo jipya kabisa kwa jeshi lao. Usiku wa kuamkia zoezi baadhi yao walikwenda kutazama filamu iliyomhusu Geronimo, kiongozi wa Waapache. Baadaye wakamtania mwenzao, Aubrey Eberhardt, kwamba kesho ataingiwa na woga hata jina lake alisahau. Akawaambia akitoka mlangoni atapiga kelele "Geronimo", wajue akili zake bado ziko naye. Akafanya hivyo, na wenzake wakaiga. Batalioni ya 501 ya askari wa miavuli ikaliweka jina hilo kwenye nembo yake. Geronimo mwenyewe alifariki mwaka 1909 huko Fort Sill, Oklahoma, akiwa bado mfungwa wa jeshi hilo hilo. Historia nayo ina mizaha yake, na huo haukumchekesha mwenye jina.

Kabla ya hapo palikuwa na Caterpillar Club, klabu ya viwavi. Leslie Irvin, mtengenezaji wa parachuti, aliwahi kuruka mwaka 1919 katika uwanja wa McCook Field, Ohio, akaifungua parachuti yake kwa mkono wakati wengi wakiamini mtu anayeporomoka hewani hupoteza fahamu. Alivunjika kifundo cha mguu, lakini fahamu zilibaki. Mwaka 1922 akaanza kuwapa waliookolewa na parachuti pini ndogo ya dhahabu yenye umbo la kiwavi, kwa kuwa parachuti za siku hizo zilishonwa kwa hariri na hariri hutoka kwa kiwavi. Hadi Vita Kuu ya Pili inamalizika, pini hizo zilikuwa zimezidi 30,000. Charles Lindbergh, aliyekuja kupata sifa kwa kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, alikuwa tayari ameokoka mara nne kwa parachuti. Ninachokipenda katika klabu hii ni sharti lake: aliyeruka kwa kupenda hapokelewi. Lazima ndege iwe imekushinda, na huna njia nyingine. Hakuna wa kujigamba kwamba aliitafuta heshima hiyo.

Kuruka kwa starehe kulishika kasi baada ya vita, parachuti za jeshi zilipouzwa kwa bei ya chee. Mwaka 1959 Jacques-André Istel, mzaliwa wa Paris, alifungua na mwenzake kituo cha kufundisha raia huko Orange, Massachusetts. Parachuti zile za duara hazikuwa na usukani wa maana. Ulishukia upepo ulikotaka, juu ya mti au katikati ya shamba la mtu, kisha ukarudi kwa miguu umekumbatia kitambaa, na waliokutangulia wamekaa kivulini wanangoja kukucheka. Sishangai kwamba desturi nyingi za watu hawa zilikomaa siku hizo. Walikuwa na muda mrefu wa kukaa chini wakisubiri upepo utulie, na watu wanaosubiri pamoja hutunga mambo.

Walitunga mengi. Katika maonyesho ya zamani walikuwa wakimtupa kutoka kwenye ndege mwanasesere aliyevalishwa kama wao. Umati unaona mtu anaporomoka na hakuna kinachofunguka, watu wanafumba macho, na kule juu wenye mwanasesere wanashika mbavu. Mwalimu aliyefungwa pamoja na mwanafunzi wake hupenda kumwonyesha mlangoni kipande cha chuma na kumuuliza, kwa uso mkavu, kama anajua kimechomoka wapi. Mzaha wa namna hiyo unaweza kukukuta hata Diani, kusini mwa Mombasa, watalii wanakorushwa ufukweni. Ukitimiza miruko 100 unapigwa usoni na sahani ya krimu. Wengine huufanya mruko huo wa 100 wakiwa uchi, ila makala haya husomwa na watoto pia. Urusi wana yao: anayetua kwa mara ya kwanza huinamishwa akapigwa makalioni na mfuko wa parachuti ya akiba.

Hapo ndipo nilipotaka kujua mpaka uko wapi, maana utani usio na mpaka ni ugomvi unaosubiri siku yake. Mpaka upo, na ni mkali. Kamba na mikanda hazichezewi. Kabla ya kuruka wanakaguana, huyu akitazama pini zilizoko mgongoni kwa yule, mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona. Aliyekupaka krimu jana ndiye anayekukagua leo, nawe unamgeuzia mgongo bila wasiwasi. Ile bia nayo haiguswi mpaka ndege ya mwisho iwe imemaliza kazi. Baadhi ya viwanja vina taa yake maalumu. Ikishawashwa, siku imekwisha, na aliyefungua chupa haruki tena hata aombe vipi.

Ukali huo una sababu: angani kosa la mtu mmoja huzika wengi. Tarehe 27 Agosti 1967, karibu na mji wa Huron, Ohio, ndege ya zamani ya kivita aina ya B-25 ilipanda na waruka parachuti huku mawingu yakiwa yametanda chini yao. Mwongoza ndege aliyekuwa kwenye rada aliichanganya na ndege nyingine ndogo, akawaeleza kwamba wamekaribia uwanja wao. Watu 18 wakatoka mlangoni. Walipopenya wingu waliona maji pande zote. Walikuwa juu ya Ziwa Erie, kilomita kadhaa kutoka nchi kavu. Watu 16 walizama. Wawili waliokolewa na mashua.

Mwenzao akifa, baadhi yao huchukua majivu yake na kupanda naye kwa mara ya mwisho. Wanaruka wakiwa wameshikana mikono, kisha mmoja anafungua mfuko. Kwa kuwa wao wanaporomoka kwa kasi kuliko majivu, majivu hupanda na kuwapiga usoni, yakaingia puani na kwenye nguo. Wanatua wakiwa wamepakwa marehemu, wanacheka na kulia kwa pamoja. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka yule mtani kaburini, na sikuona haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa nitaje na lisilonifurahisha. Jeshini kulizuka desturi ya kumpachika mhitimu wa mafunzo ya miavuli beji yake bila vile vizuizi vya nyuma, kisha wakubwa wake kwa zamu kuipiga kwa ngumi mpaka ncha zake mbili zizame kifuani. Mwaka 1997 televisheni za Marekani zilionyesha kanda zilizopigwa miaka ya nyuma katika kambi ya Lejeune, North Carolina, vijana wa Marine wakijikunja kwa maumivu huku fulana zikilowa damu. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, William Cohen, alilaani hadharani. Watetezi walisema ni mila, inajenga undugu.

Mimi sikubaliani nao. Aliyepigwa krimu usoni anaweza kumsubiri mwenzake kesho na sahani yake, na hakuna atakayemzuia. Yule kijana wa Lejeune asingeweza kumrudishia mkubwa wake ngumi hata moja. Mzaramo hutaniwa na Mnyamwezi, naye akapata zamu yake. Ikiwa mcheko unakwenda upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, huo ni uonevu uliovalishwa kanzu ya mila, na sisi tunao wa kwetu. Katika shule zetu za bweni huitwa kumkaribisha njuka. Kijana wa kidato cha kwanza anafulishwa nguo za wakubwa, ananyang'anywa sukari na sabuni, analazwa sakafuni, na wapo wazazi wanaosimulia walivyofanyiwa wao kana kwamba walipewa zawadi.

Januari kidato cha kwanza wataripoti tena. Walimu wa zamu, mkisikia kilio bwenini usiku mkaambiwa ni utani tu, inukeni mkaangalie.