Juu ya Ndugu Atoaye Figo

Tangu Novemba 2017 madaktari wa Muhimbili wameweza kumtia mgonjwa figo la mtu aliye hai. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata mwaka 2018. Zamani wagonjwa walipelekwa mpaka India. Atoaye ni ndugu wa mgonjwa. Twamshukuru Mungu kwa kazi hiyo.

Lakini je, ndugu anadaiwa mwili wake? Sisi twasema hadaiwi. Twajua mashauri ya ukoo yaendavyo huku kwetu Ibaba: wazee huketi, hutajwa yule asiye na sauti, naye akisita huitwa mchoyo. Wengine humtajia hata msalaba ili aone haya. Bwana alijitoa kwa hiari yake. Hakutolewa na baraza la jamaa. Basi mtu na aulizwe faraghani na daktari, na akikataa, jamaa waambiwe tu kwamba hafai, pasipo neno zaidi.

Naye akubaliye, akirudi nyumbani, wote humtazama mgonjwa, yeye hupewa jembe! Kweli figo moja latosha kuishi, lakini kwa majuma sita hivi asiinue mzigo mzito, wala asilime miteremko yetu. Tena kila mwaka yampasa kupimwa mkojo, damu na msukumo wa damu, maisha yake yote. Nauli ya Mbeya ataitoa wapi?

Twawasihi wazee wa sharika: mkusanyapo sadaka kwa ajili ya mgonjwa, fungu moja liwe la mtoaji, naye atajwe katika maombi kwa jina lake, na vijana wamlimie shamba msimu ule.