Kufuma na Kufumua

Kufuma na kufumua ni vitenzi vya shina moja. Kimoja hujenga, cha pili hubomoa kilichojengwa na mwenziwe, na mfumaji hodari hupimwa kwa vyote viwili. Anayefuma shali la milia kwa sindano, kwa uzi aliotia rangi kwa mkono wake, analijua hilo vyema. Vyungu viwili vya rangi havitoi rangi moja. Maji yakibadilika au moto ukizidi, buluu ya leo haitakuwa buluu ya jana. Kwa hiyo hupokezanisha madonge mawili ya uzi, safu mbili za hili na safu mbili za lile, ili tofauti isijitokeze ghafla. Hata hivyo, kitanzi kimoja kikiponyoka, huenda safu ishirini zikapita kabla jicho halijakiona. Hapo ndipo swali linapozuka: afumue kazi ya usiku mzima, au aendelee kwa kuwa hakuna atakayejua?

Wengi watajibu upesi kwamba afumue. Wahenga walisema subira huvuta heri. Lakini heri hiyo ni ya nani?

Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wanawake wa karne ya 19 walifuma mashali ya sufu kwa ajili ya kuuza. Mengine yalikuwa na pindo la milia lililopanda na kushuka mfano wa mawimbi, kwa sufu iliyoachwa na rangi yake ya asili, au iliyotiwa rangi ya nili kutoka ng'ambo, au ya utando unaoota juu ya mawe. Mwanamke aliweza kufuma huku akitembea, kikapu cha mboji ya kuwashia moto kikiwa mgongoni. Alipolipeleka shali dukani, mara nyingi hakupewa fedha. Alipewa majani ya chai au vitambaa, kwa bei iliyopangwa na mwenye duka mwenyewe. Aliyehitaji unga ilimbidi atafute mtu wa kubadilishana naye chai hiyo.

Je, mwanamke huyo alidaiwa na nani kufumua safu zake ishirini? Ipo hoja nzito ya kusema hakudaiwa na yeyote. Kwa hoja hiyo, uaminifu wa mnyonge ni faida ya ziada kwa mwenye nguvu, kwani saa za kurekebisha kasoro hazimo katika bei. Wala si ajabu kwamba subira ya fundi husifiwa sana na wale wanaoinunua kwa rahisi.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inachanganya madeni mawili. Shali halikomei kwa mwenye duka. Litafika kwenye mabega ya mtu asiyejulikana, pengine limfunike mtoto mchanga, na kitanzi kilichoponyoka kitashuka safu kwa safu mpaka nguo ifunguke mwilini mwa huyo aliyeivaa. Deni la mfumaji ni kwake. Deni la mwenye duka ni la ujira, nalo halilipwi kwa sifa. Aliyetimiza la kwanza hajasamehe la pili.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1872, pale serikali ya Uingereza ilipomtuma William Guthrie kuchunguza desturi ya kulipa watu kwa bidhaa huko Shetland. Wafumaji walikuwa miongoni mwa waliofika mbele yake kutoa ushahidi, na habari za chai na vitambaa zikaandikwa. Mikono yao ilikuwa na subira. Haikuwalazimu kuwa na subira hiyo hiyo vinywani.

Basi subira ni haki ya kitanzi, si haki ya dhuluma. Kasoro ya uzi hurekebishwa kwa kurudi nyuma hadi ilipoanzia. Kasoro ya hesabu ni vivyo hivyo, na anayeinyamazia huiacha ishuke, safu kwa safu, hadi kwa wale watakaokuja baada yake.