Wakfu wa Picha: Urithi wa Wabajuni Mbele ya Wanafunzi

Kusini mwa Kismayu, kuelekea Ras Kiamboni, visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na pwani: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Humo, na katika bara iliyo mkabala navyo mpaka Burgabo, mna magofu ya misikiti, nyumba za mawe na makaburi ya karne nyingi. Mwanafunzi wa Kismayu anayetaka kuyajua hana pa kuanzia. Maelezo ya Kapteni Elliott kuhusu visiwa hivi yalichapishwa katika jarida la London katikati ya miaka ya 1920. Kitabu kinene juu ya wavuvi wa Kibajuni, cha Vinigi Grottanelli, kilitoka mwaka 1955 kwa Kiitaliano. Neville Chittick, aliyekagua magofu hayo mwaka 1968, aliandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wanaakiolojia wenzake. Jumba la Garesa la Mogadishu, lililofanywa makumbusho tangu zama za Waitaliano, liliporwa katika vita vya 1991. Urithi huu, basi, husomwa zaidi na watu ambao hawajapata kukanyaga Koyama.

Hapo ndipo penye suala la kidini, na halihusu vifaa peke yake. Je, inafaa vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya ibada, mazishi au baraka vipigwe picha na kupelekwa madarasani? Na kama inafaa, ni ihsani ya mwenye navyo, au ni haki ya mwanafunzi?

Kizuizi kinachotajwa kwanza ni hukumu ya taswira. Hadithi zinazowakemea wachoraji wa viumbe zinajulikana, na wanazuoni wa zamani walizichukua kwa uzito, hasa kuhusu sanamu zenye kivuli. Kamera ilileta mjadala mpya. Sheikh Muhammad Abduh alizuru Sicily mwaka 1903, akaona jinsi watu wa huko wanavyotunza michoro yao, na katika jarida la al-Manar akatetea kwamba makatazo yalilenga kuabudu, na kwamba picha huhifadhi elimu kama ushairi unavyoihifadhi. Baadaye Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera: mpiga picha haumbi chochote, hukizuia tu kivuli kilichokwisha kuwepo. Fikra za al-Manar zilifika pwani ya Waswahili kwa njia ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti lake la al-Islah mwaka 1932. Wapo wanaoendelea kuikataa picha ya kiumbe, na rai yao ina mizizi. Lakini sehemu kubwa ya urithi wa Wabajuni haiwagusi hata hao. Maandishi yaliyochongwa juu ya kibla, mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi, nguzo ya kaburi: hakuna chenye roho hapo.

Mtepe ndio unaochanganya mambo kidogo. Chombo hicho kilichohusishwa sana na Wabajuni kilishonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, tanga lake likiwa la mkeka, na omo yake ilichongwa kwa umbo la shingo na kichwa. Masimulizi ya pwani yanasema kichwa hicho ni cha ngamia wa Mtume. Jamii ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi, iliyoishi na hukumu ya taswira vizazi na vizazi, iliweka umbo la mnyama mbele ya chombo chake na kuliona ni heshima. Mwalimu akionyesha picha ya omo hiyo darasani atakuwa na somo zima la fiqhi mkononi: baina ya sanamu ya kuabudiwa na alama ya mapenzi, mpaka umepita wapi, na ni nani aliyeuweka?

Makaburi ni suala gumu zaidi, na watu wa Kismayu limekwisha kuwagharimu. Wapiganaji wa al-Shabaab waliutwaa mji Agosti 2008, na kabla ya mwaka kwisha makaburi ya masheikh wa kisufi yalibomolewa kwa hoja kwamba watu wanayaabudu. Kujenga juu ya kaburi ni jambo ambalo wanazuoni wa Kishafi wenyewe wamelichukia, na katika makaburi ya umma wamelikataza. Mwenye kuwapinga wabomoaji hana haja ya kulificha hilo. Hata hivyo, kuchukia ujenzi mpya ni jambo moja, na kuvunja kilichojengwa na waliotangulia ni jingine. Qur'ani inarudia mara nyingi kuwaambia watu watembee katika ardhi waangalie mwisho wa waliokuwa kabla yao, na hakuna wa kuangalia pale palipofanywa tambarare. Picha ya nguzo ya kaburi ina faida moja ambayo nguzo yenyewe haina: ni vigumu mtu kuizunguka au kuifungia kitambaa. Anayehofia ushirikina angepaswa kuwa wa kwanza kuikubali.

Baada ya swali la uhalali linabaki lile la wajibu, na hapo sheria ya Kiislamu ina chombo kilichokwisha kunolewa, nacho ni wakfu. Umar bin al-Khattab alipopata ardhi Khaybar na kumwendea Mtume kwa ushauri, aliambiwa akitaka aizuie asili yake na kuyatoa sadaka manufaa yake. Ardhi haikuuzwa, haikurithiwa wala haikutolewa zawadi. Matunda yake yakawa ya wahitaji. Wanazuoni wa Kishafi walipanua hukumu hiyo kwa vitu vinavyohamishika pia, kwa sharti kwamba kitu kidumu kikitumiwa. Chakula hakiwekwi wakfu kwa sababu matumizi yake ndiyo kumalizika kwake, ila kitabu huwekwa. Hakuna matumizi yasiyomaliza kitu kama kutazamwa picha yake.

Jambo hili limekwisha kufanyika karibu na Wabajuni. Katika msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, miswada mingi ina maandishi ya wakfu kwa ajili ya wanafunzi. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, kwa ushirikiano na watafiti na kwa fedha za mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini, miswada hiyo ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Vitabu vyenyewe vilibaki Riyadha. Leo mwanafunzi wa Kismayu mwenye simu na mtandao anaweza kuvisoma bila ya kuvuka mpaka ambao kwa miaka mingi umekuwa wa mabomu na vizuizi. Asili imezuiwa, manufaa yametoka: ni vigumu kupata mfano unaoikaribia zaidi maana ya hadithi ya Khaybar.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Wakfu una masharti ya mwenye kuuweka, na una msimamizi, yaani mutawali, wa kuhakikisha yanafuatwa. Picha ikishaingia mtandaoni haina mutawali. Aliyeandika juu ya kitabu chake kwamba ni cha wanafunzi wa msikiti fulani hakumkusudia mfanyabiashara atakayelichapa ua la pambizoni kwenye fulana. Jawabu la kwamba mwekaji angefurahi nia yake kupanuka ni jepesi mno, kwani mafakihi waliyaheshimu masharti ya wakfu hata yalipoonekana ya ajabu. Linalobaki ni kutafuta idhini ya walio hai wenye dhamana: maimamu, familia, wazee wa kisiwa.

Kisha kuna vitu ambavyo asili yake haikuzuiwa, bali ilichukuliwa. Maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyoanza Illinois mwaka 2017 na kuendelea Washington na Los Angeles yaliweka pamoja vitu kutoka Kenya na kutoka hazina za nchi za mbali. Vile vya Kenya vilikwenda kwa mkopo, na mkopo hurudi. Makumbusho yenye kitu kilichoondoka bila ya ridhaa yakitoa picha yake, hayo si manufaa ya wakfu. Mwenye kushika mali ya mtu hawi mkarimu kwa kumwonyesha picha yake, ijapokuwa mwanafunzi wa Kismayu afadhali aipate hiyo picha kuliko kukosa vyote viwili.

Darasani penyewe, mapokeo ya elimu ya pwani yanatia tahadhari nyingine. Katika chuo, kitabu hakijitoshi; hupokewa kwa mwalimu aliyekipokea kwa mwalimu, na ijaza huwa ushahidi wa mnyororo huo. Video ya fundi akishona mbao za mtepe inamwonyesha mtazamaji kamba inapopita, haimfundishi mkono kiasi cha kuivuta. Zanzibar ilipata kujengewa mtepe wa ukubwa kamili katika jumba la Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Walioujenga mtepe huo walilazimika kutegemea vielelezo na maelezo, kwa kuwa mitepe ya kusafiria ilikwisha kutoweka tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20. Picha zililiokoa umbo, mnyororo wa mafundi ukawa umekatika. Kwa hiyo video yenye faida kubwa kwa Wabajuni ni ile inayompeleka mwanafunzi kwa mzee wakati mzee yupo, awe Kismayu, Lamu, Mombasa au ughaibuni, amuulize kwa Kibajuni majina ya sehemu za chombo. Tangu Kisomali kipate hati rasmi mwaka 1972 na kuwa lugha ya masomo, lahaja hiyo imebaki ya nyumbani na baharini, na mengi ya maneno haya hayamo katika kitabu chochote cha shule.

Suala la mwisho ni madhara, kwa sababu kuzuia madhara ni kanuni ya fiqhi kama ilivyo kueneza elimu. Picha za siku hizi hubeba ndani yake mahali zilipopigwa, na kaburi lililosalimika kwa kutojulikana laweza kufikiwa na mporaji au mbomoaji kwa kubonyeza mara moja. Anayetunza anaweza kutoa umbo, vipimo, maandishi na historia ya kaburi kwa kila mwalimu anayevihitaji, na njia ya kulifikia akawaachia watu wa kisiwa.