Je, Kutabiri Mvua na Vimondo ni Kudai Ghaibu?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya haya.

Tumeulizwa katika darsa masuala mawili, ambayo kwa dhahiri yake ni mbalimbali, na kwa undani wake ni jambo moja. La kwanza: wataalamu wa falaki husema kuwa kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, vimondo huonekana kwa wingi mbinguni. Je, yafaa Mwislamu kuyasadiki maneno hayo na kutoka kwenda kuvitazama, ilhali Qur'ani yatwambia kuwa nyota zimefanywa ni za kupigiwa mashetani? La pili: watangazao hali ya hewa husema kesho kutanyesha, au bahari itachafuka. Je, huku si kuiingilia ghaibu, ambayo hapana aijuaye ila Mwenyezi Mungu?

Haya si maswali ya kupitishia wakati barazani. Nyuma ya swali la pili yuko nahodha anayewatia watu chomboni au anayewaacha pwani. Na nyuma ya swali la kwanza yuko mtu anayempelekea mpiga ramli fedha ya chakula cha watoto wake, kwa kuwa ameona kimondo kikianguka upande wa nyumba yake. Kwa hivyo yatupasa tuyatazame kwa utulivu, na kila kitu tukiweke mahali pake.

Kwanza tujue ghaibu ni nini. Ghaibu aliyojihusisha nayo Mwenyezi Mungu ni ile ambayo kiumbe hana njia ya kuifikia, ila kwa wahyi. Ama kitu kilicho mbali na macho lakini kina alama zake, hicho si ghaibu kwa maana hii. Tabibu hushika mkono wa mgonjwa akasema homa itapanda usiku. Mvuvi mkongwe hutazama wingu jeusi lililosimama kusini, akaonja upepo, akasema, "Wanangu, tusitoke leo." Hatujasikia hata siku moja mtu akimwambia mvuvi huyo kuwa amekufuru. Basi mtu wa pili akija na vipimo vya upepo na joto, na picha za mawingu zilizopigwa kutoka juu ya dunia, akasema maneno yale yale kwa alama zilizopimwa vizuri zaidi, kwa nini yeye ndiye awe mwenye kudai ghaibu?

Watasema baadhi ya watu: mwisho wa sura ya Luqman umetaja mambo matano, na kuteremshwa kwa mvua ni mojawapo. Naam, ni kweli. Lakini ujuzi utajwao pale ni ujuzi wa Mwenye kuiteremsha mvua hiyo, aijuaye kila tone na pahala pake, bila ya alama, bila ya kipimo, na bila ya kukosea. Mtangazaji wa hali ya hewa hana ujuzi huo, wala hasemi kuwa anao. Yeye husema yatarajiwa, au yaelekea. Siku atakayosema kana kwamba funguo za hazina ya mvua zimo mfukoni mwake, siku hiyo atakuwa ameupita mpaka, na sisi tutakuwa wa kwanza kumkataza.

Mpaka huo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ameuweka wazi. Huko Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra (628), mvua ilinyesha usiku, na baada ya sala ya Alfajiri akawaeleza masahaba zake kuwa watu wameamka makundi mawili: anayesema tumenyeshewa kwa fadhila ya Mungu, huyo ni mwenye kumwamini Mungu, na anayesema tumenyeshewa kwa nyota fulani, huyo ni mwenye kuamini nyota. Kosa hapa si kuijua nyota, wala kujua kuwa mvua hunyesha wakati nyota hiyo ionekanapo. Kosa ni kuipa nyota kazi ya Mola wake.

Na katika habari ya vimondo khasa, imepokewa kuwa usiku mmoja kilipita kimondo, naye Mtume amekaa na baadhi ya masahaba. Akawauliza walikuwa wakisema nini zamani za ujahili wakikiona. Wakamjibu kuwa walikuwa wakisema usiku huu amezaliwa mtu mkubwa, au amekufa mtu mkubwa. Akawafahamisha kuwa vimondo havitupwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Maneno kama hayo aliyasema tena mwaka wa 10 wa Hijra (632), alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakanena kuwa jua limepatwa kwa msiba wa mtoto huyo. Tazameni, ndugu zangu! Mzazi yumo katika huzuni, na watu wenyewe wanamletea utukufu uliotoka mbinguni bila ya yeye kuuomba. Lau angekuwa mtu wa kujitafutia ukubwa, pale ndipo palipokuwa mahali pake. Lakini alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Aliukataa uongo uliomfaa yeye mwenyewe, na huo ndio mwisho wa uaminifu.

Pamoja na mafundisho hayo, watu waliyarejea ya kale. Mwaka wa 902 vimondo vilionekana vingi mno katika nchi za Magharibi, na wako walioandika kuwa ulikuwa ndio usiku aliokufa mfalme Ibrahim bin Ahmad, mtawala wa Ifrikiya. Na hata leo hapa kwetu utamsikia mtu mzima akimwambia mtoto kuwa kila nyota ikianguka kuna roho iliyotoka. Mtoto hulala na khofu, na akikua huwa tayari kudanganywa na yeyote mwenye kujidai kuzijua siri za nyota.

Kimondo basi ni nini? Si nyota iliyong'oka. Nyota ni kubwa kuliko dunia yetu hii, na lau moja ingetuangukia pasingebaki wa kuisimulia. Kimondo ni punje ya vumbi au kijiwe, mara nyingi si kikubwa kuliko chembe ya mchanga. Huingia katika hewa ya dunia kwa mwendo wa makumi ya kilomita kwa sekunde moja, na kwa mwendo huo kikawaka na kuteketea kiasi cha kilomita mia moja juu yetu. Vumbi hilo huachwa njiani na nyota zenye mkia, na dunia inapoikata njia hiyo kila mwaka katika tarehe zile zile, ndipo vimondo vizidipo. Vya tarehe 12 na 13 Agosti vyatokana na nyota yenye mkia iliyogunduliwa mwaka wa 1862, ikaitwa Swift-Tuttle kwa majina ya walioiona. Vya Desemba vyatokana na jabali liitwalo Phaethon, lililogunduliwa mwaka wa 1983.

Mtu atasema: ikiwa ni vumbi, basi aya za vimondo na mashetani tuzifanyeje? Jawabu ni kuwa hapana mgongano. Macho na vipimo vyatwambia kitu hicho ni cha namna gani na chapita wapi. Wahyi watwambia jambo ambalo macho hayafiki, nalo ni kuwa katika hivyo mna vya kumfukuzia shetani mwenye kudukiza. Mfalme akimpiga adui kwa jiwe, yule aliyelipima jiwe hakumkadhibisha aliyetoa habari ya vita. Na imepokewa kuwa Imamu Zuhri aliulizwa kama vimondo vilikuwapo kabla ya kuja Uislamu, akajibu kuwa vilikuwapo, ila vilizidishwa ukali alipotumwa Mtume. Lisilotufalia sisi ni kukionyesha kimondo kimoja kwa kidole na kusema hiki kimempiga jini wa fulani. Huko ndiko kudai ghaibu.

Sasa tutapambanua vipi baina ya mjuzi na mwongo, ikiwa wote wawili huzungumza habari za kesho? Mizani ni mitatu. Kwanza, muulize njia yake. Mwenye hisabu atakuonyesha, na wewe ukijifunza utafika alipofika. Mpiga ramli atakwambia ni siri. Pili, tazama asemapo amekosea. Mwaka wa 1899 watu wa Ulaya na Marekani walingojea vimondo vya Novemba vimiminike kama vilivyomiminika mwaka wa 1833 na wa 1866, na havikuja ila vichache. Wataalamu hawakusema kuwa watazamaji hawakuwa na nia safi. Walisema mvuto wa sayari kubwa umelisogeza vumbi lile, wakairekebisha hisabu, na mwaka wa 1999 wakataja saa ya kushuka kwake, ikasadifu kwa tofauti ya dakika chache tu. Tatu, sikiliza anakutaka nini. Anayekwambia vimondo vyaja Desemba hakutaki kitu. Anayekwambia kimondo kimekutazama wewe, mkono wake umekwisha kufunguliwa.

Tukishapima hivi, twarejea kwa nahodha. Wako wasemao, "Twatawakali kwa Mungu," wakatweka tanga au wakawasha mashini, na tangazo la upepo mkali wamelisikia kwa masikio yao. Mapema mwezi wa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipokuwa kikiikaribia pwani ya Tanzania, idara za hali ya hewa, ya kwetu na ya jirani zetu, ziliwatahadharisha watu wa bahari kabla ya kufika kwake. Je, mwenye kuitii tahadhari hiyo imani yake ilipungua? Hasha. Sayidna Omar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Na Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Basi nahodha aliyeonywa, akawachukua watoto wa watu wakaangamia, asijifiche nyuma ya neno la kutawakali. Yeye si mwenye kutawakali, bali ni mwenye kupuuza amana, na ataulizwa.

Wala wenye elimu nao wasijivune. Hisabu yaweza kutaja usiku wa vimondo miaka mingi mbele, na wingu moja likasimama juu ya Mombasa usiku huo, mtu asione hata kimoja. Agosti ni wakati wa kusi, na mawingu ya manyunyu hutufunika mara kwa mara. Na Desemba huenda vuli haijakwisha. Kipande cha mvuke chatosha kumzuia mwanadamu asilione lile alilolihesabu. Na sheria yetu imetufundisha adabu ya wingu: mwezi ukifichwa, tutimize thelathini, wala hatukulaumiwa kwa tusichokiona. Hapana haja ya kulitukana wingu wala upepo; navyo vimetumwa.

Kwa hivyo jawabu letu ni kuwa yafaa, bali ni jambo jema, kwenda kuvitazama kwa nia ya kuzingatia. Katika pwani yetu vya Desemba huanza kuonekana tangu saa tatu usiku upande wa kaskazini-mashariki, na huwa vingi zaidi kiasi cha saa nane. Vya Agosti kwetu huwa vichache, kwani chanzo chake hukaa chini upande wa kaskazini. Hapahitajiwi darubini. Mtu na ajitenge na taa za mji, ayape macho yake kiasi cha dakika ishirini yalizoee giza, atazame mbingu yote. Wala asifanye sherehe ya usiku huo wala ibada makhsusi, kwani hayo hayakuamrishwa. Na asiyekuwa na yakini ya kuamka kwa sala ya Alfajiri asikeshe. Kuitazama ishara na kumwacha Mwenye ishara ni khasara iliyo wazi.

Waogopao kuwa elimu itaondoa kicho cha Mungu nyoyoni, nawasome tena sura ya Fatir, pale zilipotajwa mvua, na matunda, na milima yenye rangi mbalimbali, kisha ikaelezwa kuwa wamchao Mungu katika waja wake ni wenye elimu. Ajuaye kuwa mwangaza ule mkubwa ni chembe ya mchanga ana sababu zaidi ya kusema Subhanallah kuliko asiyejua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye kunufaisha, atuepushe na uongo wa waongo, na awahifadhi ndugu zetu walio baharini. Wabillahi taufiki.